Bafta ya Mwenyekiti

Mzee Abdulatif alipopewa uenyekiti wa kamati ya kuyainua maduka ya Mlali, alianza kwa kujishonea kanzu mpya, na kitambaa chake akakinunua Morogoro mjini. Sabra, mwenye duka la vitambaa pale sokoni, aliiona kanzu hiyo jukwaani akainamisha uso asionekane akicheka. Kinywa hakilipiwi ushuru. Kingekuwa kinalipiwa, mzee huyu angefilisika siku hiyohiyo.

"Nunueni kwa jirani," alihubiri. "Mimi mwenyewe, sare za harusi ya binti yangu zitatoka kwa Sabra."

Watu wakapiga makofi, na Sabra, pamoja na ujanja wake wote, akaingia mkenge. Ahadi ya mtu mwenye mvi, mbele ya kaumu nzima, nani asingeiamini? Duka lilikuwa hoi. Akautia mtaji wote uliobaki kwenye majora ya kitenge cha zambarau, rangi aliyoichagua mama wa bibi harusi mwenyewe. Siku ya harusi, ukoo mzima ukapita mbele ya duka lake umevaa kijani.

"Mjini kuna vya kuchagua," mwenyekiti alimweleza baadaye bila hata kupepesa macho. "Lakini moyoni tuko pamoja."

Moyoni! Sabra alimchukia kwa neno hilo kuliko kwa harusi yenyewe. Aliyekuwa pamoja naye kweli ni Bi Pili, mama mzazi wa mwenyekiti, aliyekuja na mkongojo wake kununua kanga, na kumsema mwanawe mpaka kicheko kiwaishie.

Siku ambayo Sabra alikuwa akitia majora kwenye magunia, ayauze kwa hasara na kufunga duka, Bi Pili akafariki. Maziko yalipangwa baada ya sala ya adhuhuri, na mvua ilikuwa imeikata barabara ya mjini. Mzee Abdulatif akaja mbio, kofia mkononi.

"Mama ametutoka, Sabra. Nikatie bafta ya sanda."

Machozi yakamtoka Sabra, ya Bi Pili tu. "Inna lillahi. Pole, mzee wangu." Akalitandaza jora jeupe, akapima, akakata taratibu kwa heshima zote.

Mzee akapangusa macho, na uenyekiti ukamrudia. "Unaona sasa? Ndiyo maana nasema maduka yetu yasife. Usifunge, mwanangu. Tutakuunga mkono."

Sabra alimtazama kuanzia utosini mpaka visiginoni, kisha akalivuta tena jora, akapima, akakata kipande kingine. Akakikunja vizuri na kukiweka juu ya bafta ya Bi Pili.

"Na hiki cha nani?" mzee akauliza.

"Chako. Leo jioni nafunga, na mjini ni mbali."