Saumu ya Kutonunua

Miaka thelathini nilizunguka ziwa na begi moja: Kigoma, Kalemie, Uvira, Mpulungu. Nilipooa na kutulia Nyakabiga, nikaanza kununua kama mtu aliyefunguliwa kamba. Kazi yangu ni kushona magunia yaliyopasuka bandarini, na hapo vitu havikosi. Nimeleta nyumbani saa ya ukuta isiyotembea. Nimeleta pampu ya baiskeli, na baiskeli sina.

Mke wangu Sijaona ni fundi cherehani. Bati juu ya mashine yake lilikuwa limeoza. Mvua za mwaka jana zililowesha gauni la harusi la mteja, na mteja hakurudi. Mwezi wa nane akaniambia, bila kelele:

"Baba Soumaya, nataka mabati kumi. Mvua ikinikuta tena hivi, mashine naihamishia kwa dada yangu, kule Buyenzi. Na mimi naifuata."

Nilimwelewa. Jumatatu na Alhamisi mimi hufunga. Nikasema basi, siku hizo na kununua pia nafunga.

Jumatatu ya kwanza nilipita kati ya wachuuzi kama kipofu. Magharibi ikaadhiniwa, nikala tende, nikanywa maji, nikatoka. Nilirudi na feni.

Sijaona akaitazama. "Umefuturu feni?"

"Adhana imepita, mama."

"Haya. Na daku utakula friji?"

Binti yetu Soumaya alicheka mpaka akakaa chini. Mi sikucheka. Kutwa nzima nilikuwa napanga cha kununua jioni, kama mtoto wa Ramadhani anayehesabu sambusa. Tumbo lina haki yake jua likizama. Feni haina haki kwa mutu.

Nikabadilisha. Toka Jumatatu asubuhi sinunui mpaka Ijumaa baada ya swala. Chakula, dawa na sabuni, ruksa. Kingine chote kingoje, na pesa ya siku nampa Sijaona kabla sijavua viatu.

Alhamisi ya wiki ya tatu, jua likizama, Massoudi, mchuuzi wa pale bandarini, akanishika mkono. Alikuwa na darubini nzito. Nikachungulia, nikaona milima ya Kongo mpaka njia za mbuzi.

"Muzee Tajudini, chukua. Adhana hiyo, umefungua."

"Apana. Mi bado."

"Mpaka lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa utaikuta? Kuna padri anaitaka!"

"Bon, sawa, padri atazame."

Nikamrudishia. Ijumaa baada ya swala nikajiuliza kama bado naitaka. Nilikuwa naitaka sana. Nikanunua bati.

Ijumaa hadi Ijumaa nikaongeza; mvua ya kwanza ilitukuta na mabati tisa. Tulisogeza mashine upande mkavu, tukaweka ndoo chini ya tundu, na Sijaona akaendelea kushona.

"La kumi liko wapi?"

"Ijumaa."

"Leo Jumatatu, Baba Soumaya."

"Najua," nikasema, nikaenda kumwaga ndoo.