Ukurasa wa Uhamisho

Miaka sita nimekuwa karani wa kumbukumbu, na bila kujisifu, kivinjari cha ofisi yetu kilikuwa kinanisikia mimi tu. Ukibofya fomu mara mbili, kinaganda. Unabofya mara moja, unatoa mkono, unahesabu mpaka arobaini, unapanua dirisha kidogo, ndipo kitufe cha kutuma kinajitokeza. Wenzangu hawakuwa na subira hiyo. Kutwa nilikuwa naitwa nikakibembeleze.

Na tusidanganyane, uvivu wake ulitufaa wote. Mtu akija kufuatilia faili ambalo hatujaligusa, tunamwambia mtandao unasumbua, anaguna, anaondoka. Hata mimi niliyasema hayo, tena kwa uso mkavu.

Lakini nilikuwa na langu. Miaka miwili nyuma niliomba uhamisho, niende mji alipo mume wangu na binti yetu. Baada ya kulituma ombi, ukurasa wa uhamisho ndio pekee ulionishinda hata mimi kuufungua tena, basi nikawa namuuliza Mkuu wa ofisi. Naye anatikisa kichwa kwa huruma: hata kwake haufunguki, ombi limekwama, vuta subira. Huko mwanangu akaanza kuniita mama wa simu. Liliniuma hilo, acha tu.

Jumatatu fundi wa kompyuta akatuwekea toleo jipya. Akasema kurasa zitafunguka haraka, na zile za zamani zilizokuwa zikigoma zitakubali. Tukamcheka. Lahaula! Nilibofya, sijahesabu hata moja, fomu hii hapa. Kufika saa nne foleni imekwisha, wenzangu wamekaa wanatazamana, hawajui mikono waiweke wapi.

Nikajikaza, nikafungua ukurasa wa uhamisho. Ukaja papo hapo. Ombi langu lilikuwa limekataliwa siku ya tatu tu baada ya kulituma. Chini, Mkuu ameandika sababu: mwombaji ndiye pekee anayekiweza kivinjari cha ofisi.

Miaka miwili jamani! Nikajaza ombi jipya, nikalituma, nikaenda kusimama mezani kwake. Hakukana. Alisema alifanya vile kwa faida ya ofisi, kwamba mimi ni nguzo, na nguzo haing'olewi hivihivi.

"Sasa hivi kivinjari anakiweza hata mfagizi, Mkuu," nikamwambia. "Bofya Kubali."

Ombi lilikuwa wazi mbele yake, halina pa kukwama tena. Akashika kipanya, akakipeleka mpaka kwenye kitufe, akasita. Akanitazama, akaanza kujisugua mkono.

"Njoo kesho, dada," akasema taratibu. "Leo kidole hiki kinaniuma."

Nikavuta kiti, nikaketi, nikamwambia nitasubiri hapohapo mpaka kipone.