Kurasa Ambazo Baba Hakuzikata

Mimi hujalidi vitabu, na ukikunja pembe ya ukurasa mbele yangu tutakosana. Kwa hiyo baba alipofariki, kitabu chake kilinijia mimi bila ubishi: hadithi ya karne ya kumi na tisa ya mpimaji ramani aliyepotea katika nchi ya barafu, toleo la kwanza kabisa la tafsiri yake. Jalada lilikuwa limelegea na uzi umeoza. Baba alimsomea mama kitabu hicho kila jioni tangu mama alipopofuka, na sisi watoto tuliujua mwisho wake kwa moyo: mpimaji anarudi, anabisha hodi, mama yake anamtambua kwa kikohozi.

Nilikifumua karakanani ili nikishone upya. Zamani vitabu viliuzwa kurasa zikiwa bado zimeshikana ukingoni, na msomaji alizikata kwa kisu kadiri alivyosonga mbele. Fungu la mwisho la kurasa halikuwa limekatwa. Baba alikomea pale mpimaji anapoingia kwenye dhoruba. Mengine yote aliyatunga.

Mwaka ule mama alipopofuka, kaka yangu alikwenda ng'ambo kutafuta kazi, na hajaleta habari hata leo. Mama amekataa katakata tumwombee kama marehemu. "Wa kitabuni alirudi," husema, na ubishi unakwisha. Nilimkasirikia baba, kisha nikamhurumia.

Nilikipeleka kitabu nyumbani, nikaketi kando ya kitanda cha mama.

"Nisomee mwisho," mama akasema.

Kisu kilikuwa mfukoni, lakini niliogopa. Nikafungua popote, nikasoma yale ya kichwani: hodi, mlango, kikohozi. Hata sauti ya baba niliiga, tena vibaya.

Mama akacheka kidogo. "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba yako naye akifika hapo alikuwa hageuzi kurasa."

Nikakishusha kitabu mapajani.

"Macho ndiyo yaliyokufa, mwanangu. Masikio ninayo."

"Sasa kwa nini hukumwambia, mama?"

"Ningemwambia, angekata. Na angekata, asingeweza kulala tena. Mlidhani ananibembeleza mimi, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nambembeleza yeye." Akavuta pumzi. "Sasa amepumzika. Kata."

Nikapitisha kisu ukingoni taratibu, nikasoma. Dhoruba ilipotulia wenzake walimtafuta, wakakuta fimbo yake ya kupimia imesimama peke yake thelujini. Wakavua kofia, wakaendelea na safari. Mama yake hakutajwa hata mara moja.

Mama alinyoosha mkono, akapapasa ukingo wa karatasi nilioukata. Aliupapasa mpaka mwisho, kisha akakifunga kitabu mwenyewe.

"Kesho waite ndugu zako," akasema. "Tumwombee kaka yenu."