Chai ya Tubu

Neno lenyewe ni la Kifaransa, tourbe, na wenye ofisi walilitamka vizuri sana huku wamebana midomo. Sisi wa mtaa wa Magarama tulilipokea tukalifanya letu. Kwanza likawa turubu, halafu, kwa kuwa watoto wa madrasa hawana adabu, likawa tubu. Ni udongo mweusi wa kinamasi, unachimbwa bondeni, unakatwa kama matofali na kuanikwa, na ukikauka unawaka. Serikali ilitaka tupikie huo badala ya makaa, maana miti ilikuwa inakwisha. Aliyeuuza hapa Gitega alikuwa Uthmani, kwa hiyo akaitwa Baba Tubu, na kila alipopita na kofia yake safi hakukosa mtu wa kumuuliza, "Baba Tubu, umeshatubu leo?"

Alikuwa akicheka. Mtu ambaye mambo yake yanamnyookea hachukii kutaniwa. Tangu uhuru, na hata kabla yake, kwao walikuwa watu wa makaa. Baba yake aliyauza, yeye akayauza, na kucha za ukoo mzima zilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni. Siku hizo makaa yalikuwa makaa tu: mtu ananunua, anapika, basi. Kisha ikaja miaka ya themanini na ghafla moto wa jikoni ukawa jambo la mikutano. Kukata mti kukataka kibali, kusafirisha magunia kukataka kibali kingine, na vibali vilitoka kwa watu waliotaka kujua kwanza uko upande gani. Kambi, magereza na shule za bweni zikaamriwa kupikia tubu. Wauza makaa wengine walinung'unika chini chini. Uthmani alivaa kanzu, akaenda ofisini, akarudisha kibali chake cha makaa mbele ya watu na kuomba awe wakala wa tubu.

Tusimwonee. Haikuwa tamaa peke yake. Alikuwa ameiona Buhinyuza. Ujanani alikuwa akienda kununua makaa kule Muyinga, na milima ya Buhinyuza ilikuwa na miti mpaka mtu anaogopa kupita peke yake. Aliporudi akiwa mtu mzima alisimama pale pale akaona ng'ambo yote, hakuna hata mti wa kujisaidia nyuma yake. Alimwambia mkewe kwamba aliona aibu, maana magunia yale aliyapakia yeye kwa mikono yake.

Tena kulikuwa na kile kiti. Kwenye mikutano ya chama sisi Waswahili, yaani Waislamu wa mjini, tulizoea kusimama nyuma. Katika nchi hii, ukitaka kusema kwamba fulani ni mjanja, ana maneno mengi, anaweza kukuuzia mbuzi mwenye mimba ya uongo, unasema tu kwamba ni Mswahili. Tunalisikia sokoni, tunalisikia ofisini, tunameza. Sasa Uthmani akawa anawekewa kiti mbele, pembeni ya wakubwa, na akisimama kusema anasikilizwa. Msikitini wazee walianza kumpisha mlangoni. Sisi tuliomtania, moyoni tulimwonea fahari.

Tatizo lake lilikuwa dogo, liliweza kuenea ndani ya kikombe. Uthmani hakuweza kunywa chai ya tubu.

Chakula hakikuwa na shida. Mkewe Kulthumu alikuwa mpishi wa kuitwa kwenye harusi, na aliujua udongo ule upesi: unauwasha nje, unauacha umalize moshi wake wote, ukiwa mwekundu ndipo unaweka sufuria na kufunika vizuri. Wali ulitoka, maharage yalitoka. Lakini chai ya maziwa inashika harufu haraka, na ile ilinuka kama shimo lililofukuliwa. Uthmani alijaribu mara ya kwanza, akatema. Akajaribu tena, akatoka nje mbio. Basi nyuma ya banda la kuku ikabaki mbabula moja, jiko dogo la makaa, kwa ajili ya chai ya Baba Tubu. Makaa yenyewe Kulthumu aliyafuata Makebuko siku za soko, akayaleta ndani ya kikapu chini ya viazi vitamu.

"Baba Pili," alimwambia mumewe siku moja, kwa jina la binti yao, "watu wakijua itakuwa aje?"

"Watajua aje? Chai iko ndani ya tumbo yangu."

"Mi ndo naenda Makebuko. Mi ndo naficha makaa chini ya viazi kama mwizi. Naona haya, Baba Pili."

"Tunapikia tubu vyakula vyote. Chai moja haiwezi kuangusha serikali."

"Basi kunywa maji."

Uthmani alicheka, akanyoosha kikombe aongezewe. Kulthumu akamwongezea, maana ni mumewe, na asubuhi haifai kuanza na ugomvi. Lakini aibu ile aliibeba yeye, si Uthmani, na ilikuwa nzito kuliko viazi.

Mwaka mmoja gavana wa Muyinga alitaka depo ya tubu mjini kwake, na Uthmani akaambiwa aje kuwaonyesha akina mama. Wakikubali, mkoa mzima ni wake. Kwake hilo halikuwa jambo la kujaribu bahati. Kibali cha makaa alisharudisha, na wanunuzi wake wa Gitega walikuwa kambi na gereza, ambao wakubwa wangeweza kumpa mtu mwingine wakati wowote. Muyinga ikimkataa, hana makaa, hana tubu, anabaki na jina la utani.

Hakimuddin, mwenye duka la mabati na sufuria, alimkopesha lori lake. Wakati wanapakia, alimwita pembeni.

"Uthmani, sisi tunauza sufuria tangu wakati ya marehemu baba. Mi nakuambia kitu moja. Mama akikataa, gavana hawezi kukusaidia."

"Hawatakataa. Mama Pili ndiye atapika."

Ni kweli, Kulthumu alipika. Kwenye uwanja karibu na soko la Muyinga alipanga majiko, akawasha mapema, akaacha moshi uende zake kabla watu hawajajaa. Gavana alipofika na kukaa, tubu ilikuwa nyekundu na harufu iliyotawala ilikuwa ya pilau. Kwenye jiko la mwisho kulikuwa na birika la chai. Wazee wa msikiti wa Muyinga, waliokuwa hawajawahi kukalishwa mbele hata siku moja, walikaa mstari wa kwanza na kofia zao, wamejikaza kama mabwana harusi.

Uthmani alisema vizuri. Alisema habari za Buhinyuza, na hakuna aliyecheka, maana pale kila mtu aliijua ile milima. Alisema mvua haiji tena kwa wakati wake, udongo unateremka mtoni, na mama anatembea nusu siku kutafuta kuni. Akasema, "Mi nilikuwa mu hiyo kazi. Miti ya Buhinyuza imepita mu mikono yangu." Walimpigia makofi ya kweli. Angeishia hapo, leo tungekuwa tunasimulia mambo mengine. Lakini makofi yana ulevi wake.

"Kwangu mi," akaongeza, "makaa haiingii mu nyumba."

Mkono wa Kulthumu ulisimama juu ya sufuria.

Akainuka mwanamke mmoja kati ya akina mama. Jina lake Zuena, aliuza chai na maandazi pale sokoni, na hakuwa na ubaya wowote. Alitaka kujua tu.

"Tumesikia, baba. Pilau tunaiona. Lakini mi niko muuza chai, na chai inashikaga harufu. Weye mwenyewe, chai yako ya asubuhi unapikiwa na nini?"

"Na tubu, mama. Kila asubuhi. Wallahi." Kisha, kama mtu anayeziba tundu kwa mkono wa mwenzake, akaonyesha upande wa majiko. "Mke wangu ni huyu hapa. Mumuulize."

Gavana akageuka na tabasamu lake. "Sema, mama. Usiogope."

Kulthumu alisikia uso wake unawaka kuliko jiko. Akisema ndiyo, ameukalia uongo ambao tayari umewekewa jina la Mungu. Akisema hapana, amemvua nguo baba wa watoto wake mbele ya mkoa mzima. Aliona uchungu kwamba Uthmani alimtupia yeye swali lile, baada ya safari zote za Makebuko. Alijipangusa mikono kwenye kanga, akachukua kikombe, akamimina chai kutoka kwenye lile birika, akakibeba kwa mikono miwili mpaka mbele.

"Baba Pili," alisema, "karibu chai."

Hakuongeza neno. Wasiojua waliona mke mwenye heshima. Uthmani alijua, akakipokea kikombe.

Funda la kwanza lilipita. Akatabasamu, akatazama watu. La pili koo lilikataa. Alijaribu kulimeza kwa nguvu, macho yakajaa machozi, kikohozi kikamkamata, na chai yote ikarudi ikashuka kifuani kwenye kanzu nyeupe mpaka tumboni. Kulthumu alimshika bega.

"Pole, baba," Zuena akasema. Kisha akatazama kikombe, akamtazama Uthmani. "Kumbe weye na hii chai hamujuane."

Hapo ndipo watu walipocheka. Walicheka kwa kuinama, wakashikana mabega, na kutoka nyuma mtu akapaza sauti, "Tubu, mzee!", wakaanza upya. Kicheko hicho Uthmani angekivumilia. Alishazoea kuchekwa, na sisi ndio tuliomfundisha. Lakini nyuma ya gavana alisimama karani mmoja, na huyo hakucheka. Alisema neno moja, polepole, kama mtu aliyeona mawingu akasema mvua.

"Waswahili."

Wazee wa msikiti wa Muyinga walilisikia pia. Uthmani aliwaona mmoja baada ya mwingine wakiinamisha kofia zao chini. Alitamani ardhi ipasuke, na pale alipokuwa amesimama, na kanzu imemgandia tumboni, aliona aibu ambayo hajawahi kuijua, kwa sababu haikuwa yake peke yake. Alikuwa amewamwagia na wao.

Gavana alikula pilau, akaisifu, akapanda gari lake. Hakuna aliyemuuliza chai yake inapikwa na nini, maana swali kama lile halipandi ngazi. Depo ikafunguliwa baadaye, chini ya wakala mwingine, kwa ajili ya gereza na shule. Wafungwa na wanafunzi walipikiwa kwa tubu bila maneno, kwa kuwa wao hawakuulizwa. Akina mama wa Muyinga walirudi kwenye makaa, na makaa yakaendelea kutoka Buhinyuza, kutoka kwa vichaka vilivyobaki. Hilo ndilo lililomuuma Uthmani kuliko kupoteza mkoa: kwamba jambo alilolisema lilikuwa kweli, na yeye ndiye aliyelifanya lionekane uongo.

Lori lilikuwa limeshapita Karuzi, njiani kurudi Gitega.

"Unisamehe," Kulthumu alisema.

"We haukusema kitu."

"Ndo hiyo naomba unisamehe."

"Mi ndo niliapa, Mama Pili. Mi ndo nilikutuma Makebuko." Akaendelea kutazama barabara. "We ulinipa chai tu."

Asubuhi iliyofuata Uthmani aliitoa ile mbabula nyuma ya banda la kuku, akaipeleka mwenyewe kwa majirani, mchana kweupe, kila mtu anaona. Akarudi, akakaa.

"Mama Pili, nipe chai."

"Ya nini?"

"Ya tubu."

Alikunywa akikohoa. Kesho yake alikunywa tena, na kesho kutwa. Kulthumu alimtazama akishika kikombe kwa mikono yote miwili kama mgonjwa anayelazimishwa dawa, na ikafika asubuhi moja hakuweza kuvumilia.

"Baba Pili, imetosha. Hapa hakuna mutu anakuangalia."

"Ndo maana nakunywa hapa."

Biashara ilikufa taratibu. Kambi alipewa mtu mwingine, gereza likafuata, na kile kiti cha mbele kikakaliwa na mwingine. Uthmani akawa anauza chumvi na sabuni kwenye kibanda. Alibakiza magunia ya tubu stoo, hayauzwi, ni ya chai yake. Sisi tuliacha kumwita lile jina. Hakutukataza mtu. Siku moja tu tukaona haliendi tena mdomoni, na anayelisema anatazamwa vibaya na wenzake.

Gunia la mwisho lilipokwisha, Kulthumu alikwenda sokoni akanunua makaa, akayabeba juu ya viazi, hakuyaficha. Alifurahi, tuseme ukweli. Alipika chai ya maziwa mazito na tangawizi kama ile ya zamani, ile ambayo mumewe alikuwa akinyoosha kikombe aongezewe, akamwekea mbele.

Uthmani alionja. Alikaa nayo mdomoni kidogo.

"Tamu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshikwa akiiba.

Akakiweka kikombe chini, akakifunika kwa kisahani, na hakukigusa tena. Kulthumu alisubiri mpaka chai ikapoa, kisha akaenda kuimwaga nyuma ya banda la kuku.