Herufi za Ubavuni

Fortunat alikuwa dereva wa malori kabla macho hayajamzimikia. Alisafirisha saruji, mafuta ya mawese na mbao, leo Rumonge, kesho Ngozi. Ugonjwa ulianza kwenye jicho la kushoto, akadhani ni uchovu wa barabara. Alipokwenda kwa daktari, presha ya ndani ya macho ilikuwa imeshaharibu yote mawili. Akarudi nyumbani Kanyosha, akaketi kwenye kiti cha plastiki barazani, na kuketi kukawa ndiyo kazi yake.

Mkewe, Lisette, hakuwa na nafasi ya kuketi. Alipanga kibanda pembeni mwa soko la Jabe, akaanza kuuza matairi yaliyokwisha kutumika ng'ambo, yale yanayoshushwa Dar es Salaam na kuletwa kwa lori. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kuuliza na kukosea, mpaka akaweza kulitazama gari linaposimama na kujua ukubwa wa tairi lake kabla dereva hajafungua mlango.

Asubuhi moja mafundi walikuja kubadilisha mabati ya nyumba yao. Vumbi lilikuwa halivumiliki.

"Papa Nella, twende wote Jabe leo," Lisette alisema.

"Kule batu watanitazama."

"Wakutazame. We wasikilize."

Akamshika mkono, wakapanda basi. Kibandani alimkalisha juu ya matairi mawili yaliyolazwa, akaendelea na shughuli zake. Fortunat alisikia kelele za soko, mashine ya kupuliza upepo, mtu akigombana na mwenzake kuhusu jeki. Mkono wake ulikuwa umelala kwenye tairi lililosimama kando yake. Mwanzoni alikuwa anapima tu kina cha michirizi, kama alivyozoea zamani. Kisha vidole vikateremka ubavuni, vikakutana na kitu kilichoinuka.

Ilikuwa namba: moja. Iliyofuata ilikuwa na tumbo juu na mkia chini: tisa. Halafu tano.

Vidole vikaendelea mpaka mwisho wa mstari, kwenye namba ya janti, ile ringi ya chuma. Tangu macho yazimike hakuwa amesoma kitu chochote. Maandishi ya vipofu hakuyajua. Lakini hizi zilikuwa namba zilezile alizoandika kwa chaki shuleni Uvira utotoni, ila zimesimama kwenye mpira.

"Mama Nella!" aliita kwa sauti iliyowashtua majirani. "Hii ni mia moja tisini na tano, janti ya kumi na nne!"

Lisette akainama kuangalia. "Njo hiyo kabisa! Umejuaje?"

"Nimesoma."

Akampa jingine. Hilo akalikosea, akasema herufi B palipokuwa na nane, na Lisette akacheka. Fortunat naye akacheka. Muda mrefu ulikuwa umepita bila wao kucheka pamoja. Maandishi madogo yalimshinda kwa sababu ncha za vidole zilikuwa zimekomaa kwa kamba na usukani, lakini akagundua kwamba ubavu wa kidole cha mwisho bado ulikuwa laini. Akawa anausogeza pole pole, uso ameinua juu kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

Mchana akaja Népomuscène, mwenye minibasi ya abiria. Alikuwa amekodiwa na kwaya ya parokia ya Kanyosha awapeleke waimbaji Gitega Jumapili, na matairi yake yalikuwa yamekwisha. Lisette alimfahamu vizuri, kwani yeye mwenyewe aliimba katika kwaya hiyo. Akamchagulia matairi manne yanayofanana, meusi, yenye michirizi mizuri. Wakapatana bei haraka. Népomuscène alikuwa ameanza kuyabingirisha nje Fortunat aliposema, "Ngoja kidogo. Nipe moja niguse."

Akaligusa mara mbili.

"Mama Nella, hizi pine si za minibasi. Ukubwa ni uleule, lakini C, ile alama ya gari la mzigo, haiko. Na namba ya uzito ni tisini na moja. Maana yake pine moja inabeba kilo mia sita na kidogo, basi. Minibasi iliyojaa batu inataka yenye C, ile inabeba mia tisa."

"Pine ni pine, muzee," Népomuscène alisema. "Inaingia kwenye janti, inazunguka."

"Itaingia, ndiyo. Itazunguka mpaka milimani. Kule kwenye kona, na joto, na batu kumi na tano na ngoma zao, itachoka. Ikichoka inapasuka."

Népomuscène akamtazama Lisette. Lisette akainama kuitafuta hiyo C. Dereva akaliachia tairi lililokuwa mkononi mwake, likazunguka na kuanguka. "Basi nitanunua kwingine. Kule hawanipi masomo."

Alipoondoka, Lisette alifoka.

"Mi nimejenga hapa peke yangu! Siku ya kwanza unakuja, unafukuza mukiriya wangu mbele ya batu!"

"Ungepanda we mwenyewe gari hilo Jumapili."

"Najua! Unadhani ningemuuzia kama ningejua hiyo namba? Miaka yote ulikuwa dereva, mbona hukunifundisha hata siku moja?"

"Sikudhani utaihitaji," Fortunat alisema. "Nilifikiri mi nitakuwa barabarani siku zote."

Lisette akaketi kando yake. Hasira ilimtoka taratibu. Kisha akachukua mkono wake, akauweka kwenye tairi la karibu.

"Nifundishe sasa."

Wakapitia kibanda chote. Yeye alisoma kwa macho yale maandishi madogo, mumewe akamweleza maana yake: huu upana, hii janti, huu uzito, herufi hii ni mwendo ambao tairi halitakiwi kuupita, na hizi namba nne ndani ya kiduara ni wiki na mwaka lilipotengenezwa. Kwenye matairi matatu kidole cha Fortunat kilipita pale penye tarehe bila kukuta kitu. Palikuwa laini mno. Mtu alikuwa ameifuta kwa msasa na kupaka rangi nyeusi juu yake.

"Haya tuwape mafundi wa sandali, wakate soli," Lisette alisema.

Lakini usiku ule hakuwa na raha. Alikuwa anamfikiria Népomuscène na lile neno lake, kwingine.

Jumapili alfajiri waliondoka nyumbani wote wawili. Uani mwa kanisa minibasi ilikuwa imeshawashwa injini, ngoma zimefungwa juu, waimbaji wamevaa sare zao za kijani. Ernestine, kiongozi wa kwaya, alikuwa anahesabu watu. Lisette akamvuta pembeni.

"Dada, nakuomba. Mume wangu aguse magurudumu kabla hatujapanda."

Ernestine alimtazama Fortunat kwa mshangao, kisha akageuka kwa dereva. "Papa Népo, zima gari kidogo."

Népomuscène alizima, lakini alishuka akilalamika. Fortunat akachuchumaa kwenye gurudumu la kwanza. Vijana wa sauti ya besi wakaanza kunong'ona na kuchekelea. Akazunguka gari lote akiwa ameshikilia bodi kwa mkono mmoja, mavumbi yamemjaa magotini.

"Hizi mbili za mbele ni nzuri. Umechagua vizuri," alisema. "Ya nyuma kulia pia." Akafika ya nne, akakaa nayo. Aliisoma kwa kidole cha mwisho, akarudia. "Hii haina C. Mama Nella, angalia namba."

Lisette akainama na tochi ya simu. "Themanini na nane."

Vijana wa besi wakasogea kuona. Népomuscène alipiga magoti, akalitazama tairi lake kama mtu ambaye hajawahi kuliona. Hakubisha tena.

"Muuzaji aliniambia zote ni sawa," alisema kwa sauti ndogo. "Mi sikuangalia. Mke wangu naye yuko humu ndani."

"Hata mi juzi nilikuambia ni sawa," Lisette alisema. "Kuko moja yenye C kibandani kwangu, iko na janti yake. Twende tuichukue."

Wakaenda Jabe kwa pikipiki mbili. Waliporudi jua lilikuwa limepanda juu ya vilima vya Kiriri, na Ernestine, ili watu wasinung'unike, alikuwa amewapanga waimbe palepale uani. Waumini wa misa ya kwanza walikuwa wamesimama kusikiliza. Vijana wale wa besi ndio waliofungua boliti, na mmoja wao akamwomba Fortunat amwonyeshe C iko wapi. Fortunat akamshika kidole, akakipeleka kwenye ile herufi.

Gari lilipokuwa tayari, Népomuscène akafungua mlango wa mbele. "Muzee, we kaa hapa na mi."

"Mi siimbi."

"Sikuiti kuimba. Utaniambia barabara."

Fortunat alisita, kisha akapanda. Lisette alikaa nyuma yake. Mji ulibaki chini, hewa ikaanza kuwa baridi, na kwenye kila kona alimwona mumewe akiegemea kabla gari halijakata, kama mwili wake ulikuwa unakumbuka. "Punguza, hapa mbele maji hupita," alisema, na kweli palikuwa na maji. "Sasa gia ya pili." Népomuscène alitii, akawa anauliza mambo ya malori ya zamani, na kicheko cha Fortunat kikafika mpaka kiti cha mwisho.

Walifika Bugarama, kwenye njia ya Gitega, wakiwa wamechelewa sana. Wauza mboga wakalizunguka gari, mikono ikaingia madirishani na karoti na kabichi. Kabla Lisette hajasema neno, Fortunat alikuwa ameshateremsha kioo, amepokea kabichi moja, anaipapasa na kuipima mkononi.

"Hii ni ya jana," alimwambia muuzaji. "Nipe ya leo."

Mwanamke yule akacheka, akampa nyingine.