Mlango wa Siku ya Ukaguzi

Masuda aliukumbatia mtungi wa kuzimia moto kama mtoto mgonjwa, akaushusha kutoka kwenye lori huku jua la Al Quoz, Dubai, likimchoma utosi. Ramadhani ile iliangukia Julai. Koo lilikuwa limekauka hadi kusema kunauma.

"Yalla, Masuda, yalla!" Hashir, msimamizi, alipiga makofi. "Zimamoto wako jengo la pili. Wakitoka huko ni sisi."

Mitungi haikuwa yao. Ilikuwa ya ghala jingine la tajiri huyohuyo, ambaye wote walimwita arbab, na huko ukaguzi ulikuwa umekwisha asubuhi. Wakaguzi walifuata ratiba yao. Mitungi iliwatangulia kwa lori.

"Hii mitungi imeizunguka Dubai kuliko mimi," alisema Angella, Mganda wa kubandika lebo. "Mimi nimeona kambi na ghala tu."

Hashir alifungua kufuli la mlango wa nyuma, akauvuta mnyororo na kuuficha chini ya meza yake. Mwaka mzima mlango ule ulifungwa. Arbab aliamini kwamba wanawake wanaiba chupa zake za manukato na kuzipitishia hapo.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole. Aliwakusanya wanawake, akazungumza Kiarabu, na Masuda, mlinzi wa geti aliyejua lugha hiyo tangu madrasa ya Lamu, akasukumwa mbele kutafsiri.

"Huyu ndiye kiongozi wetu wa moto," Hashir alisema, akamvika fulana ya manjano papo hapo.

"Mkiona moshi, acheni kila kitu," Masuda alitafsiri. "Mlango wa mbele una mapipa ya spiriti. Kimbilieni nyuma. Msirudi."

Mkaguzi alipoondoka, mitungi ilipakiwa tena. Mnyororo ukarudi mlangoni.

Lakini mazoezi yalibaki, maana wakaguzi wangeweza kurudi. Kila wiki Hashir alifungua mlango, Masuda akapuliza filimbi, wanawake wakakimbia nyuma. Kisha mlango ukafungwa. Walishika upesi. Aliyewashinda wote ni Rukiya, mdogo wake Masuda, ambaye Masuda mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi pale.

"Dada," Rukiya aliuliza, "na siku isiyo ya mazoezi?"

Masuda alilipeleka swali ofisini.

"Ufunguo ninao mimi," Hashir alisema.

"Na ukiwa umetoka, sir? Niwaambie basi watazame mbele kwanza?"

"Uwachanganye, halafu wakaguzi wakija wapige mbio huku na huku kama kuku? Fundisha nilivyosema. Au nimwambie arbab kwamba wewe na mdogo wako mmechoka na kazi?"

Masuda alirudi kwa mdogo wake. "Ufunguo anao Hashir. Usijitie hofu, mama. Nyuma, na usirudi. Basi."

Moto ulizuka baada ya Idi, alasiri, kwenye waya wa mashine ya kufungia maboksi katikati ya ghala. Hashir alikuwa Satwa, amepeleka gari la arbab gereji. Masuda, getini, aliona moshi mweusi unaonukia udi na waridi. Alikimbia hadi mlango wa mbele. Ulikuwa wazi. Njia ya kando ya mapipa bado ilipitika.

"Mbele! Njooni mbele!"

Walitokea wachache. Wa mwisho alikuwa Angella, akikohoa, nyusi zimeungua.

"Rukiya yuko wapi?"

"Wameenda nyuma wote. Nimewaita, wakaniona wazimu." Angella alishika magoti. "Rukiya alinivuta mkono. Aliniambia, huku ndiko, dada ametufundisha."

Masuda alijitupa ndani. Joto lilimrudisha nje. Akazunguka ghala mbio hadi kwenye mlango wa nyuma, akasikia mikono ikiupiga upande wa pili. Alivuta mnyororo mpaka kucha zikang'oka.

Zimamoto hawakuchelewa. Waliukata mnyororo mara moja. Walitoa watu, wakawafunika wengine uso, wengine hawakuwafunika, na magari ya wagonjwa yakaondoka bila mtu kumwambia Masuda ni lipi lililomchukua Rukiya.

"Nani aliwafundisha kukimbilia mlango uliofungwa?" afisa aliuliza.

"Huyo," Hashir alisema. Alikuwa amefika, shati limenyooka. "Kiongozi wetu wa moto."

Kisha akainama karibu na sikio la Masuda. "Sema uliufunga wewe. Paspoti zenu ziko kwa arbab. Ukisema mengine, nani atamsimamia Rukiya hospitali?"

"Kwa hiyo yuko hai?"

Hashir alijinyoosha, akaweka kola yake sawa.

"Nakusikiliza, dada," alisema afisa.

Masuda alifungua kinywa. Nyuma ya afisa, basi la kambi lilikuwa limewashwa, na walionusurika walikuwa wamekwama kwenye ujia, kwani viti vilikuwa vimetandikwa leso ambazo wanawake waliziacha asubuhi ili kushika nafasi za kurudi.

"Kaeni!" dereva alifoka. "Nafasi si tele?"

Hakuna aliyekaa. Angella alianza kuziokota zile leso moja moja, akizikunja begani, akiuliza kila moja ni ya nani.