Mfuko wa Panya Niliotilia Unga

Uvumi niliusikia kwa jirani yangu, fundi cherehani: eti mpishi wa kambi ya watafiti kule mlimani amelazwa, homa haishuki, na chanzo ni panya. Nilicheka mdomoni tu. Binti yangu anafanya kazi kambi hiyohiyo. Wanatega panya na wanyama wengine wadogo wa msituni kwa mitego ya bati. Asubuhi, fundi akaniambia, wanawatia kwenye mifuko ya kitambaa, wanawapima uzito, wanawaachia.

Kule juu ni mawingu mwaka mzima, kitambaa hakikauki. Ndiyo maana binti yangu alishuka na mifuko sita, akaianika kwangu isioze, akingoja mwisho wa mwezi aichemshe kwa dawa. Aliniambia nisiiguse. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Nilidhani ni mali ya ofisi.

Mifuko yenyewe mizuri, jamani. Pamba nzito, mdomo una kamba ya kukaza. Wa kwangu wa unga ulikuwa umetoboka. Nikaanua mmoja, nikatia unga wa uji wa mjukuu wangu, Kidege, mtoto wa miaka miwili anayependa kulamba unga mkavu kiganjani mwangu. Nilimlambisha wiki nzima, mpaka niliposikia ya fundi.

Siku ya pili baada ya uvumi ule, Kidege akaamka anachemka kama jiko.

Binti yangu, ndiye mama yake, alishuka mbio. Alipopita uani akahesabu mifuko kambani, akauliza mbona ni mitano. Nikamjibu upepo umechukua mmoja. Siku hiyo hata jani halikutikisika.

Hospitali daktari aliuliza mtoto amekula nini. Nikasema uji. Akasema huenda ni mafua, akaanza kuandika dawa ya kwenda kutumia nyumbani. Kidege alikuwa amelegea begani kwangu, hata kulia hawezi. Niliona aibu, niliogopa binti yangu atanionaje, lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

"Daktari, usiandike kwanza. Mtoto nimemlisha unga uliokaa kwenye mfuko wa panya."

Kalamu ilisimama. Binti yangu alinigeukia.

"Mama, ungeniambia tangu asubuhi."

"Na wewe ungeniambia ni mfuko wa nini."

Walimtoa damu, wakaona ni homa itokanayo na panya, wakamlaza. Siku tano kila kiatu cha muuguzi kikilia ukumbini nilikuwa nainuka kitini. Ya sita Kidege alifumbua macho akaomba uji. Safari hii aliukoroga mama yake. Mpaka leo mtoto akipiga chafya naacha sufuria.

Kwa hiyo mama mwenzangu:

Usitie chakula kwenye mfuko usioujua ulikotoka, hata ukionekana safi.

Usianue vitu vya kazi vya mwanao.

Usimlambishe mtoto unga mkavu.

Ukiambiwa usiguse, usinyamaze, uliza kwa nini.

Usimdanganye daktari. Wala usisingizie upepo.